Kitako cha Mninga

Kijana aliyekiokota alidhani ni kasia. Ukuta wa nyuma wa kile kibanda cha Kashai, hapa Bukoba, uliosalimika katika tetemeko la Septemba 2016 ukabaki na ufa wa kupitisha mkono, hatimaye umebomolewa na wenye kiwanja wapya. Kati ya matofali na mabati yenye kutu kikatoka kibao chembamba chenye shingo na tumbo, kimetobolewa tundu la kutundikia. Akaniletea mlangoni.

"Shangazi, hili si kasia la mtoto?"

Nikamwambia ni kigezo cha kitako. Akauliza kitako cha nini. Cha bunduki, nikasema. Akacheka, akidhani namtania. Kwa umri wake bunduki ni kitu cheusi chote, na wenye nayo ni askari au wanaotafutwa na askari. Kwamba iliwahi kuwa kitu cha mbao, na mbao yenyewe ikachongwa hapahapa Kashai na mzee aliyeimba kwaya kila Jumapili, hilo lilimshinda kulimeza. Akakiegemeza ukutani, akaenda zake kubeba matofali. Kesho yake nikasikia mama ntilie wa jirani alikiona, akakitumia kuchochea ndizi.

Nimejaribu kuulizia kibanda kile kilianza lini. Dada yangu anasema kilikuwepo kabla ya uhuru. Jirani yetu wa zamani anashikilia kwamba kilijengwa mwaka ule kahawa ilipopanda bei watu wakaezeka mabati. Niliwahi kuona stakabadhi ya kodi ya kiwanja ya 1958, lakini jina juu yake lilikuwa la kaka wa fundi, yule mzee mchongaji, na huyo kaka alikuwa muuza ng'ombe. Basi na tuseme kilikuwepo. Nilipoanza kutumwa kwa fundi, mabati yalikuwa yameshaanza kuwa mekundu.

Kashai ya wakati huo ilikuwa nusu mji, nusu kibanja. Ukivuka mto Kanoni kutoka mjini ulikuta migomba inaanza palepale, mibuni chini yake, na katikati ya migomba vyumba vya kupanga vya makarani wa ushirika, mapolisi, wapakiaji wa bandarini na washona viatu kutoka Uganda. Mtaa wake wa Matopeni ulistahili jina lake. Mvua ya Bukoba ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hainyeshi kwa ratiba. Unaweza kuanika nguo saa tatu, ukazianua saa nne zikiwa nzito kuliko ulivyozitoa kwenye beseni. Naitaja mvua kwa sababu ndiyo iliyompa fundi wetu kazi, na ndiyo iliyokuwa adui yake mkubwa. Mbao inakunywa hewa. Kitako kilichochongwa mahali pakavu, kikaletwa ziwani, huvimba na kubana chuma. Kikirudi ukavuni husinyaa, chuma kikaanza kucheza, na chuma kinachocheza ndani ya mbao kitaipasua siku moja, tena siku ambayo huitaki, mbele ya nyati.

Nyati ndiye aliyenipeleka kwa fundi. Baba yangu mdogo alikuwa Bwana Nyama upande wa Biharamulo, na idara ya wanyama ilimpa raifo kubwa, bunduki ya Mwingereza yenye mtambo wa Mauser ndani yake, kama zilivyokuwa nyingi za namna hiyo. Nyati aliyejeruhiwa aliikanyaga. Mtutu ulibaki mzima, mtambo mzima, ila kitako kilivunjika shingoni, pale mkono unaposhika. Baba mdogo akaja Bukoba na vipande viwili ndani ya gunia la kahawa, na barua ya idara yenye muhuri ndani ya mfuko wa shati. Komeo la bunduki alikuwa ameliacha kituoni. Fundi aliikagua barua kwanza, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, ndipo akalifungua gunia.

Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na sikumwona akiivunja: bila karatasi hagusi. Ya pili ilikuwa kwamba komeo libaki kwa mwenye bunduki. Aliletewa mtutu, mtambo na mbao tu, vitu ambavyo haviwezi kumdhuru hata kuku. "Mimi ni seremala," alikuwa akisema. "Nachonga kiti. Anayekaa ni chuma."

Ndani mlinuka vitu vitatu, na leo nikikutana na chochote kati ya hivyo mahali pengine, mwili wangu hugeuka kuelekea Kashai. Kwanza mafuta ya kitani, mazito, matamu kidogo, yaliyomwagika juu ya meza ile miaka mingi mpaka mbao yake ikawa kama ngozi. Mafuta hayo yaliuzwa mjini na Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa karibu na soko kuu, aliyeyatoa kwenye pipa kwa bomba la mkono na kukupimia kwenye chupa uliyokuja nayo. Alikuwa na kawaida ya kukagua chupa kwa kuinusa. Ukija na chupa iliyokuwa na mafuta ya taa anakurudisha, hata kama umetoka Kashai kwa miguu na mvua imekukuta njiani. Watoto tulimchukia. Fundi alimsifu, akasema huyo ndiye mfanyabiashara pekee Bukoba anayejua anachouza. Walikuwa na desturi ya kutoandikiana deni. Fundi alilipa kwa sarafu, Mhindi akazihesabu, kisha wakaongea habari za mbao kwa muda mrefu kuliko biashara yenyewe ilivyostahili, mmoja Kiswahili cha dukani, mwingine Kiswahili chenye Kihaya chini yake, nami nimesimama na chupa nikisikiliza watu wazima wawili wakibishana kama mafuta yapikwe au yapakwe mabichi. Mabichi, alisema Mhindi. Fundi aliyapasha moto kidogo tu, kwa siri, kisha akampelekea kibao cha mfano bila kumwambia. Mhindi akakisifu. Siri hiyo fundi aliifurahia kwa miaka.

Harufu ya pili ilikuwa vumbi la mninga, kali puani. Ya tatu masizi ya koroboi, na hiyo ilikuwa kazi yangu.

Wasichana hatukuruhusiwa kushika bunduki, hata mtutu mtupu. Lakini koroboi lilikuwa kitu cha jikoni, na kitu cha jikoni msichana anaruhusiwa. Fundi alipokuwa akitafuta mahali chuma kinapogusa mbao, alichukua mtambo, akaupaka mafuta kidogo, nami nikapitisha ulimi wa moto chini yake mpaka chuma chote kikawa cheusi tii. Kisha akaushusha taratibu ndani ya mbao, akaugonga mara moja kwa nyundo ya mti, akauinua. Kwenye mbao palibaki madoa meusi. Pale penye doa ndipo panapogusa. Panapogusa peke yake ndipo panapaswa kupungua. Akachukua patasi akakwangua doa, unga tu, si ganda. Nikapaka masizi tena. Akashusha, akagonga, akainua. Mchana kutwa. Mwanzoni madoa ni mawili matatu kama alama za mbwa mwenye matope. Jioni, mambo yakienda vizuri, mbao yote ya ndani imekuwa na weusi mwepesi uliosambaa sawasawa, na hapo ndipo alipokuwa akitabasamu na kunipa senti za kununua karanga.

Mahali pamoja tu hakutaka paguse: nyuma kabisa, pale mkia wa mtambo unapoishia kuelekea bega. Hapo aliacha uwazi wa unene wa karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Aliichomeka, ikipita kwa kusuguana, sawa. Bunduki ikilia inarudi nyuma, na mkia ule ukiwa umebanana na mbao unakuwa kabari. Ndiyo maana vitako vingi vilivyoletwa kwake vilikuwa na ufa uleule mahali palepale. Aliyevitengeneza alitaka sehemu ipendeze, isionekane hata nywele kati ya chuma na mbao. Uzuri wa dukani, alisema, ndio unaomletea kazi.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo wanaliona rahisi: kuchukua kitako cha bunduki ya aina moja ukakivalisha nyingine. Fundi aliombwa hilo mara kwa mara, kwa sababu mbao nzuri ilikuwa ghali na bunduki mbovu zilikuwa nyingi. Bukoba ilikuwa na tabaka za bunduki kama kibanja kilivyo na tabaka za majani makavu chini ya migomba. Chini kabisa magobore, mengine yakiwa na kitako cha mti wowote uliokuwa karibu, kimefungwa kwa pete za bati na waya. Juu yake mabaki ya Wajerumani, yale ya mfano wa 1871 ya risasi moja moja yenye upana wa milimita 11, ambayo askari wao bado walikuwa nayo vita vilipoanza 1914 na ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali ulipo. Wazee wa pwani ya ziwa waliokumbuka Juni 1915, Waingereza waliposhuka Bukoba na kuangusha mlingoti wa simu ya upepo, walisimulia moshi huo kuliko walivyosimulia mizinga. Kisha bunduki za Keya, askari wa Mwingereza, yaani Mark III, na baada ya vita vya pili Mark IV za polisi. Kisha shotigani za wenye mashamba. Kila moja na mbao yake.

Siku moja akaja mzee kutoka Kamachumu, kanzu nyeupe, koti la kijivu, kofia ya kulalia. Alikuwa na Mark III ya kuwindia, halali, karatasi zake kwenye bahasha. Mchwa walikuwa wamekula kitako chake kwa ndani kikabaki ganda. Mkononi alikuwa na kitako kingine, ameletewa na mkwewe kutoka Masaka: kitako kizima cha Mauser ya kuwindia, mbao ya Ulaya, nyeusi yenye mawimbi, kitu kizuri mpaka watu waliokuwa wakipita njiani waliingia kukitazama. Alitaka kivikwe Mark III yake.

"Waitu, hakitaingia," fundi akasema.

"Mbao ni mbao, fundi. Wewe si unachonga?"

Fundi akakilaza kitako cha Mauser mezani, akalaza Mark III pembeni yake, akaanza kumfundisha, na nadhani alinifundisha na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye gogo na koroboi langu. Mauser ni ubao mmoja, kuanzia begani mpaka chini ya mtutu, na mtambo unalala ndani yake. Mark III Mwingereza aliikata mbao katikati. Kuna mbao ya mbele na kuna kitako, na kati yao kuna kikombe cha chuma ambacho ni sehemu ya mtambo wenyewe. Kitako kina ulimi unaoingia ndani ya kikombe, na bolti ndefu inapita ndani ya kitako chote, kutoka kwenye kibati cha begani, inakuja kukaza mbele. Kwa hiyo huwezi kulaza Mark III juu ya ubao wa Mauser. Kikombe kitakaa wapi? Mzee akasema basi kikatwe, nusu ya nyuma iwe kitako. Fundi akapima kwa shubiri, akamwonyesha: ukiondoa sehemu iliyokwisha kuchimbwa kwa ajili ya mtambo na kifyatuo, kinachobaki hakifiki. "Nitakupa kitako cha mjukuu wako."

Mzee alikasirika. Si kwa fundi. Kwa mkwewe, kwa Mjerumani na Mwingereza walioshindwa kukubaliana, na kwa mchwa. Mwishowe akakubali mninga. Kile cha Mauser fundi alikataa kukikata hata kipande, akamrudishia kizima, akamwambia akitunze mpaka siku atakapopata bunduki yake. Mzee akaondoka nacho begani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, na nasikia kilitundikwa sebuleni Kamachumu juu ya picha za harusi.

Kazi ya kitako kipya cha Mark III ilikuwa ngumu kwa sababu ya tundu la bolti. Lazima lipite katikati ya mbao kwa urefu wote, pana upande wa bega, jembamba upande wa kikombe, na lisipinde. Fundi alitoboa kwa keke kutoka pande zote mbili, akikutanisha matundu mawili gizani ndani ya mbao. Akimaliza alikielekeza kitako mlangoni, akafumba jicho moja. Ukiona mwanga wa duara kamili, umeshinda. Ukiona mwezi mwandamo, ni kuni.

Na kulikuwa na hatari nyingine, ambayo mwanafunzi wake mmoja aliijua kwa njia mbaya. Kwenye Mark III ncha ya ile bolti ni ya mraba, nayo inapenya na kushikwa ndani ya mbao ya mbele. Maana yake usianze kamwe kuifungua bolti kabla hujatoa mbao ya mbele. Ukiizungusha, ule mraba unazunguka ndani ya mbao na kuipasua. Kijana alikuwa na bisibisi ndefu na haraka. Tulisikia mlio mdogo tu, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti. Fundi hakusema neno. Alitoka nje, akanawa mikono kwenye pipa la mvua, akarudi, akaifunga ile mbao kwa gundi na vigingi vya mianzi, akamwambia kijana aende nyumbani, arudi Jumatatu. Mark IV haina tabia hiyo, na ndiyo maana waliozoea Mark IV ndio waliopasua Mark III. Vitako vya hizo mbili, kwa kweli, ndivyo pekee alivyokubali kubadilishana, kwa sababu vinakaribiana sana, patasi kidogo tu. Lakini hata hapo alitazama juu ya kitako penye herufi. Waingereza walitengeneza urefu tofauti, kwa hatua za nusu inchi: L kirefu, S kifupi, B kifupi zaidi, na cha kawaida mara nyingi bila herufi. Alikuwa na dharau kwa mtu aliyebadilisha kitako bila kutazama herufi.

Kwani kitako, kwake, kilikuwa nguo ya mtu. Alimpima mwenye bunduki kama fundi cherehani anavyopima: kiwiko kimekunjwa, kuanzia kwenye mkunjo mpaka kiungo cha kwanza cha kidole cha kufyatulia. Na aliwaambia wateja waje na koti watakalovaa shambani. Wazee wetu hawakuenda popote bila koti juu ya kanzu, na koti la sufu begani ni unene. Ukimpima mtu akiwa na kanzu tupu, kisha akalenga akiwa na koti, kitako kinamkwama kwapani. Niliona mzee mmoja akirudishwa Nshamba kwa sababu alikuja na koti la mwanawe.

Mbao aliipata kwa madereva wa malori ya Biharamulo, ambako misitu ni ya miombo na mninga ulikuwa mwingi. Mninga ukikauka haupindi ovyo, na ndiyo sifa kuu inayotakiwa. Podo ya Minziro ilikuwa karibu zaidi na rahisi kuchonga, lakini ni laini na hupasuka. Aliitumia kwa vigezo tu. Msizi, mti uliojaa mashambani mwetu, alisema ni wa mbao za dari. Mkaratusi aliuita mti wa wanasiasa kwa jinsi unavyojipinda. Mbao ya kitako ilikaa darini kwa mkewe, juu ya mafiga, mwaka baada ya mwaka, ikila moshi wa ndizi na wa dagaa. Kuna bunduki zilizokuwa mikononi mwa watu wa Muleba ambazo, ukizipasha moto kwa jua, zilinuka jikoni kwa mama yule.

Vita vya Kagera vilikuja, vikaisha, na bunduki zikabadilika maana. Kabla ya 1978 mtu wa Kashai angeweza kumaliza mwaka bila kuona bunduki isipokuwa ya polisi wa benki na hizi za fundi, zilizovuliwa nguo. Baadaye kila mtoto alijua SMG na SAR kwa sauti. Mwanamgambo mmoja alikuja na SAR iliyopasuka kitako; SAR nayo ni ubao mmoja, nzito, nyekundu. Alitaka avalishwe mbao ya kitu kingine chochote, haraka, kabla mkubwa wake hajagundua. Hakuwa na barua. Fundi akamwambia ya serikali ipelekwe kwa serikali, akafunga mlango saa nne asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wiki chache baadaye watu wa ofisi fulani wakaja kumwuliza vitako vilivyotundikwa ukutani ni vya bunduki zipi, na ziko wapi. Aliwaonyesha kwamba ni mbao. Waliondoka na vitatu kama ushahidi wa kitu ambacho hawakukitaja. Hawakuvirudisha, na mimi bado kinaniudhi kile kimoja, kilikuwa kimeshapakwa mafuta.

Lakini kilichoondoa vitako Kashai hakikuwa vita wala ofisi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliandikwa mkoani kwetu, na muda si muda ule ugonjwa tuliouita Juliana ukawa kazi ya kila seremala wa Bukoba. Sitaki kuandika mengi. Mninga wa darini ulishuka, ukawa majeneza. Aliyekuwa akitumia siku nzima kutafuta doa la masizi sasa alipiga misumari usiku kwa taa ya karabai, kwa sababu wenye msiba walikuwa wamesimama nje. Mtu akiaga dunia hapimwi na koti. Nilirudi likizo nikamkuta ameandika vipimo vya mbao kwenye ukuta kwa makaa, namba chini ya namba, mpaka pale vigezo vilipotundikwa. Vigezo hakuvishusha. Alivizungukia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Sheria ya silaha ya 1991 ikaja na karatasi zake. Wakimbizi wa 1994 wakafurika Ngara na Karagwe. Mabasi yakaanza kupita misitu ya Biharamulo na askari ndani, na mtu mwenye kipande cha bunduki mezani, hata cha mbao, akawa mtu wa kuelezwa vibaya. Fundi akachonga mipini ya majembe. Akafariki. Watoto wake wako Mwanza, mmoja anauza simu. Ikaja sheria nyingine ya 2015, tetemeko likaja mwaka uliofuata, Kashai ikajaa nyumba mpaka ukingoni mwa Kanoni, na sasa kila masika Kanoni inawakumbusha wenye nyumba kwa mafuriko. Makochi yanatengenezwa kwa msindano mbichi unaolia usiku ukikauka, ukiwauliza mafundi wanakuambia wateja hawana muda. Wateja nao wanasema mafundi hawana mbao. Nimechoka kuwasikiliza wote wawili.

Juzi mfugaji mmoja wa Karagwe, mtu mwenye leseni na heshima zake, aliambiwa na mtu kwamba mimi nilikuwa nikikaa kwa yule fundi. Akaja kunionyesha picha kwenye simu. Raifo yake ya kulindia ng'ombe ameivalisha kitako cha plastiki, cheusi, kina mpini kama wa bastola na kina kitufe cha kurefusha na kufupisha. Kilitengenezwa kwa ajili ya bunduki ya aina nyingine. Aliyemwuzia alimwambia kinaingia kokote, na kilipokataa, akakipitisha tupa mpaka kikaingia, kisha uwazi uliobaki akajaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Tangu hapo, anasema, akilenga kopo leo linaanguka, kesho halianguki. Mtambo unacheza kwenye mpira. Bunduki ikipata joto inapiga kushoto. Na begani kinamkwaruza kila akikiinua.

Nilimwambia la mpira sina dawa. Atafute seremala mvumilivu mwenye kibali, na koroboi. La bega nilimwambia asimame. Nilifundisha ushonaji miaka mingi, utepe wangu hauko mbali. Nikamkunja kiwiko, nikampima kutoka kwenye mkunjo mpaka kiungo cha kidole: inchi kumi na tatu na nusu. Nikamwuliza amekirefusha kiasi gani. Akasema mpaka mwisho, kwa sababu hivyo ndivyo kinavyopendeza.

"Na koti hilo unalivaa malishoni?"

"Asubuhi, shangazi. Kule kuna baridi."

"Basi livue, nikupime tena."

Akalivua.